Vyanda Saba Nyuma ya Pazia

Majina yao yote ninayo. Nikifumba macho nayasoma moja baada ya jingine, pamoja na jina la baba na la babu, na mlango wa kila nyumba ulikuwa ukitazama wapi. Lakini humu sitaliandika hata moja. Wameacha wajukuu, na wajukuu wana watoto wao, na nti yetu, nchi hii ya visiwa, ni ndogo: jina likitajwa asubuhi, kabla ya alasiri limeshafika kisiwa cha Kiwayu. Kwa hiyo nitawahesabu kwa vidole, kama nilivyowahesabu wakati ule. Kidole sisi watu wa Amu, yaani Lamu, twakiita chanda.

Juzi tumemzika wa mwisho katika wale wasichana saba. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Nilipofika mkono wake wa kushoto nilikishika chanda cha kati, nikakaa nacho. Wenzangu wakadhani nimechoka. "Bibi, kaa kitako, tumalizie sisi," wakaniambia. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nakitazama chanda ambacho sindano ya daktari ilipaswa kukitoboa, ikatoboa changu.

Siku ile ndipo nilipoazimia kuandika. Mkono wangu ulijifunza herufi hizi ukubwani, katika darasa la watu wazima, basi unakwenda polepole. Utanistahimili.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, mama aliyenizaa hakuandika. Baba alikuwa amekufa. Tulikaa nyumba ya makuti, mama na mimi, na kazi yangu ilikuwa kofia. Wasichana wa nyumba za mawe walishona kofia ndani, zile nyeupe za vitundu, nami nikizichukua kwa kikapu nikizipeleka kwa mwenye duka, nikirudi na nyuzi na vitambaa vipya. Wao wenyewe hawakuweza kuzipeleka. Msichana wa nyumba ya mawe akishavunja ungo alitawishwa: mchana hatoki, mwanamume asiye wake hamwoni, sauti yake haisikiki ndiani, huko njiani. Sisi maskini hatukutawa. Ungetawa ule nini?

Basi nyumba hizo nilizijua ndani na nje. Nilijua nani ana mkono mwepesi na nani kofia yake hurudishwa. Na katika wote nilimpenda mmoja, wa nyumba ya kwanza, ambaye ndiye huyo tuliyemzika juzi. Tulikuwa rika. Humu nitamwita mwenzangu. Kila nikiingia alikuwa akiniuliza neno lile lile kabla hata sijavua buibui.

"Haya, nieleze. Leo ndiani mna nini?"

Nami humweleza: punda kalala katikati ya njia, watu wamekwama huku na huku wakitukanana. Bi fulani kagombana na muuza samaki. Akicheka, mama yake huita kutoka ukumbini, "Punguza sauti, wewe!" Naye huziba mdomo kwa kofia anayoishona.

Mwaka huo alikuja daktari kutoka Mombasa, Mzungu, na sanduku la barafu. Hakuja kutibu. Alikuja kupima damu za watu wa visiwani, ajue ni za namna gani na ngapi za kila namna, aandike kitabuni. Ijumaa baada ya sala watu walielezwa msikitini. Wanaume walisikia maelezo yote, lakini yaliyofika majikoni yalikuwa mafupi: kuna daktari ataka tone moja la damu la kila mtu, na wakubwa wa mji wamesema kila nyumba ipeleke watu wake, wanaume na wanawake. Kwa nini alitaka tone hilo, hakuna mwanamke aliyerudi na jibu.

Lazima niseme kwamba walitustahi. Katika chumba cha hospitali walitundika pazia la kitambaa cha marekani kutoka darini mpaka karibu na sakafu, nalo lina tundu, ukubwa wa kupenya mkono. Mwanamke alikaa upande huu na buibui lake, akapitisha chanda kimoja tu. Upande wa pili alikaa daktari na dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda na kupiga sindano, mtu wa Pate, aliyejua Kizungu na mwenye mzaha kidogo. Wewe humwoni daktari, daktari hakuoni. Anaona chanda.

Hata hivyo mama wa mwenzangu alikataa. Mimi nilimwita Bi mkubwa, kama kila mtu alivyomwita. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Aliniita jikoni, akanikalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Mwanangu hatoki mchana kwenda kutoa chanda chake kwa mwanamume," akasema. "Leo chanda, kesho mkono. Lakini sitaki wakubwa waseme nyumba yangu imekaidi. Utakwenda wewe, kwa ina lake, useme wewe ndiye yeye."

"Bi mkubwa, wakinijua?"

"Wakujuaje ndani ya buibui? Damu ni damu. Wao wataka tone, watapata tone."

Wallahi hatukuona kosa. Kwetu msichana aliyetawa alifanyiwa kila kitu na mtu mwingine. Mwingine alimpelekea salamu, mwingine alimnunulia kanga, mwingine alimjibia hodi mlangoni. Kumtolea damu kulionekana jambo la namna hiyo hiyo.

Nikaenda. Nikapitisha chanda cha kati cha mkono wa kushoto. Dresa akauliza jina, nikataja la mwenzangu, na la baba yake. Pamba ya baridi ikapita, kisha sindano, kisha chanda kikakamuliwa. Nikatoka.

Mwenzangu alikuwa akiningoja juu ya ngazi.

"Iliuma?"

"Kama sindano ya kofia."

"Na daktari ni mtu wa namna gani?"

"Sikumwona. Nimeona viatu vyake chini ya pazia. Vyeusi, kimoja kamba imefunguka."

Alikishika chanda changu akakitazama sana. Kisha akasema, wala hakuwa akicheka: "Basi damu yangu imetoka nje, mimi nimebaki."

Jambo lile lingeishia hapo, lakini mama wa nyumba ya kwanza alimwambia wa nyumba ya pili ukutani, na wa pili akamwambia dada yake. Siku ya pili nilipopita na kikapu changu niliitwa mara tatu. Siku ya tatu, mara tatu tena. Kila nyumba ilinipa kitu, mkate wa kumimina, mayai, kitambaa. Nami kila nilipokwenda nilibadilisha chanda, kwa sababu kilichotobolewa kilikuwa kikiuma, na kwa sababu niliogopa dresa asije akakitambua. Wa pili alipata cha shahada cha kushoto. Wa tatu gumba la kushoto. Hivyo ndivyo nilivyoyashika majina yasinipotee pale kwenye pazia: kila chanda kilikuwa na mwenyewe. Mpaka leo nikishika sindano ya kushonea, kila chanda huniambia ni cha nani.

Mara ya saba, walipokwisha kulipima tone, dresa aliniuliza kupitia pazia: "Ninyi wasichana wa mtaa huu mmenyonya ziwa moja?"

"Kwa nini, Bwana Dresa?" nikamjibu kwa sauti nyembamba.

"Daktari amefurahi hapa. Asema wasichana saba, nyumba saba, damu yao haikutofautiana hata kidogo. Asema ataandika Mombasa."

Nilitoka mle ndani mbio, nikajikwaa kizingitini.

Miezi ikapita. Daktari alirudi Mombasa na sanduku lake la barafu na dawa zake zote za kupimia. Hospitali ilibaki na dresa, sindano, mipira ya kupitishia damu na chupa, kigae kimoja cheupe, na kitabu. Kitabu alikiacha makusudi: mtu akihitaji damu, kitazamwe, aitwe wa kumpa. Mwenzangu alikuwa ameolewa na binamu yake, akachukua mimba, na siku zake zikatimia.

Alijifungua asubuhi, mtoto wa kike mzima. Damu haikukatika. Mkunga alimkanda tumbo, akampa dawa anazozijua, akasoma dua, damu ikaendelea kama mai ya mfereji. Adhuhuri wanaume walimbeba kwa kitanda chake mpaka hospitali, wamemfunika shuka gubigubi. Mimi nilifuata na Bi mkubwa, nimechukua beseni na kanga safi. Njia nzima Bi mkubwa alikuwa akitembea mbele yangu, katika jua, yeye ambaye mchana haukumjua.

Walimlaza upande wa wanawake wa pazia lile lile. Bi mkubwa na mimi tulikaa naye. Upande wa wanaume alikuwa dresa, mume wa mwenzangu, na kaka yake mwenzangu. Dresa alipita kwetu mara moja, ameinamisha macho, akamvuta mwenzangu damu kidogo mkononi. Midomo ya mwenzangu ilikuwa myeupe kama ya mtu aliyekula chaki. Alinitambua.

"Ndiani mna nini?" akanong'ona.

"Watu wote wakuombea," nikasema. Lilikuwa jibu baya. Hakulicheka.

Nyuma ya pazia tulisikia kurasa za kitabu zikifunuliwa.

"Alhamdulillahi," dresa akasema. "Yeye kundi A. Na wewe mumewe kundi A. Vua koti, kunja mkono. Lakini kwanza niziweke pamoja kigaeni."

"Kuna haja gani?" mume akauliza. "Si imeandikwa?"

"Damu ni namna nne, Bwana. Haya maji ya damu ya mkeo, hili tone lako. Zikipatana, zitalala laini. Zisipopatana, zitakatika kama maziwa yaliyoharibika. Na zikikatika hapa, ndani ya mwili wake zitakatika vile vile, nayo itamwua upesi kuliko hii inayomtoka."

Hapo, nimeshika beseni, ndipo nilipojua nilichofanya. Hakuna mtu aliyenieleza kabla ya saa ile kwamba damu ni namna nne.

Halafu dresa akasema, "La."

Akakifuta kigae kwa spiriti akarudia. Tukasikia akipumua. "Imekatika tena. Kaka mtu, njoo wewe. Wewe pia kitabuni ni A." Akamtoboa kaka, akangoja. Imekatika.

"Sasa?" kaka akauliza.

"Siyui, ndugu yangu. Kitabu chasema ndiyo, kigae chasema siyo." Sauti yake ilikuwa imekwisha mzaha wote. "Daktari nimemwona akifanya mara nyingi. Mimi peke yangu nimefanya mara mbili. Pengine maji ya damu sikuyangoja yakatengana. Pengine mkono wangu ndio mbovu."

"Huoni kwamba anakwisha?" mume akasema kwa nguvu. "Kilichoandikwa na daktari ukikatae kwa kigae cha sahani? Chukua! Mpe!"

"Kitabu kimeandikwa na daktari," dresa akakubali, taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Lala hapo, Bwana."

Tukasikia kitanda cha mbao kikilia chini ya uzito wa mwanamume. Nikamtazama Bi mkubwa. Naye alikuwa akinitazama. Maneno yote ya damu nne alikuwa ameyasikia kama mimi. Niliona katika macho yake kwamba ameelewa, na niliona akiyainamisha. Mkwe wake alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, na nyuma ya mkwe ni ukoo mzima. Angesema nini? Kwamba alisema uwongo mbele ya wakubwa wa mji? Kwamba jina la bintiye lilitembea mjini ndani ya buibui la mchukuzi wa kofia?

Chupa ikagongana na sinia.

"Bwana Dresa," nikasema. "Chanda kile hakikuwa chake."

"Nani huyo?"

"Mimi. Ni changu. Nilikuja kwa ina lake."

Kisha dresa akasema, polepole sana, "Sema tena."

Nikasema tena. Mume akainuka kitandani, nikasikia miguu yake ikigonga sakafu. "Nyumba hii imenifanyia mchezo?"

"Bwana, hasira iweke pale ulipoweka koti," dresa akamwambia. "Mkeo angali hai. Tukigombana hatakuwa hai." Halafu akasogea karibu na pazia, niliona viatu vyake vya turubali. "Wewe binti. Kitabu hiki kikiwa na uwongo mmoja, kwangu kimeoza chote. Kabla sijatoboa mtu mwingine, nambie. Wale saba wa damu moja sikuwasahau. Ulikuja kwa maina ya nani na nani?"

"Nyamaza," Bi mkubwa akanong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza kutoa sauti tangu nyumbani. "Wenyewe hawapo hapa. Usiwavunjie watu nyumba zao."

Nikaitazama mikono yangu. Nikaanza na chanda cha kati cha kushoto, cha mwenzangu. Kisha cha shahada. Kisha gumba. Kisha cha pete. Nikahamia mkono wa kulia. Kila jina nililitaja pamoja na la baba na la babu, kwa sauti ambayo wale wanaume wawili waliisikia yote, na baada ya kila jina nilisikia kalamu ya dresa ikikwaruza. Saba. Waume wa wawili kati yao walikuwa marafiki wa mume wa mwenzangu. Nilijua wakati natamka kwamba hakuna hata mlango mmoja katika ile saba utakaonifungukia kesho.

"Mwingine hakuna?"

"Hakuna. Wallahi."

"Basi yeye hatujui ni kundi gani, na dawa za kumpimia sina. Nitakwenda kwa kigae tu. Nipime nani? Wewe mwenyewe ni A, damu yako itakatika kama yao."

Hapo Bi mkubwa aliinuka. Nilidhani anatoka, anakwenda zake. Aliweka mkono wake juu ya paji la bintiye, kisha akalishika pazia akalisukuma kando, pete za juu zikalia, akapita. Mimi nilibaki nimelishika lisirudi, ndiyo maana nikaona. Alikaa juu ya kiti mbele ya wale wanaume watatu. Buibui alilikunja mpaka juu ya kiwiko. Mkono wake ulikuwa mweupe wa kukaa ndani, na mishipa imesimama.

"Mimi hukunitoboa," akamwambia dresa. "Mimi nilikataa kuja, wala kwa ina langu sikutuma mtu. Nitoboe."

Mkwe wake akageuka akatazama ukuta kwa adabu.

Dresa akachukua tone. Akalichanganya na maji ya damu ya mwenzangu, akakiinamisha kigae huku, akakiinamisha huku. Tukangoja. Sijui muda gani, mimi naona ulikuwa mrefu kuliko ujana wangu wote. Tone lilitambaa likalala, jekundu, laini, kama mafuta ya ufuta juu ya sahani. Akangoja zaidi. Halikukatika.

"Bismillahi," dresa akasema, akaleta chupa.

Damu ya Bi mkubwa ilikwenda katika mwili wa bintiye alasiri ile, tone tone, kwa mpira mwekundu uliotundikwa kwenye msumari wa pazia. Chupa moja haikutosha. Dresa alikwenda mwenyewe mjini akarudi na mzee mmoja mwashi wa nyumba, aliyeandikwa kitabuni kuwa kundi O, wale ambao damu yao aghalabu hukubaliwa na kila mwili, na yeye kwanza akapita kigaeni, laini. Magharibi ilipoadhiniwa damu iliyokuwa ikimtoka ilikuwa imekoma, na midomo ya mwenzangu imeanza kuwa na rangi ya mtu.

Aliishi. Mtoto mwingine hakupata, lakini aliishi, na yule wa kike ndiye aliyemshika mkono mpaka juzi.

Lakini mimi kofia zilikwisha. Kesho yake nilipiga hodi nyumba ya pili nikajibiwa kwa dirisha kufungwa. Nyumba ya tatu mtumishi alinirushia kikapu changu kutoka ngazini. "Nenda kawatajie majina yao kule hospitali," akasema. Mmoja wa waume aliyetajiwa mkewe alikaa wiki nzima hasemi naye. Mama yangu alilia, kisha akanifundisha kukuna nazi za kuuza mafuta, na ndiyo kazi iliyotulisha. Neno moja tu la lawama aliniambia: "Ungeanza na la kwanza ukaishia hapo." Nimelifikiri miaka yote hii. Huenda alikuwa na haki. Lakini dresa aliuliza, na mimi nilikuwa nimeshasikia kigae kikikataa; kesho angelazwa mmoja wa wale sita kwa kitabu kile kile.

Daktari alirudi kwa meli baada ya kama miezi miwili. Dresa alimweleza. Niliitwa, nikaenda, nikakaa nyuma ya pazia. Niliona viatu vile vile vyeusi. Hakupiga kelele. Akasema maneno machache, dresa akanifasiria.

"Asema ile habari ya wasichana saba ameshaiandikia Mombasa, na watu wameshaisoma. Sasa itabidi aandike tena, aseme si kweli. Asema alifurahi mno, na pale alipofurahi ilimpasa ajiulize." Kisha dresa akaongeza kwa sauti ya chini, na hilo nadhani halikuwa la daktari: "Anachora mistari juu ya yale maina saba. Anatumia rula."

Siku hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri, mlango wa upande wa wanawake ulifunguliwa. Aliingia Bi mkubwa. Nyuma yake mwenzangu, anatembea kwa kushika ukuta, mara ya kwanza kutoka nyumbani tangu kumaliza arobaini. Na nyuma yao, buibui baada ya buibui, wale sita. Bi mkubwa alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia nini sikuambiwa, wala sikuuliza. Nyumba zilizonifungia mimi zilimfungulia yeye.

Waliingia mmoja mmoja. Dresa alikuwa amerudiwa na mzaha wake. Kila chanda kilipopenya tunduni alikuwa akiuliza: "Ni wewe kweli, au ni shangazi yako?" Msichana wa tatu alijibu, "Ni mimi na mato yangu mawili, Bwana Dresa, unitoboe haraka," na ukumbi wote ukacheka, hata mimi, nikakumbuka kwamba mimi si wa kucheka pale nikanyamaza. Mwenzangu alipopitisha chanda chake cha kati cha kushoto aliruka kidogo. Akageuka kunitazama.

"Ulinidanganya," akasema. "Si kama sindano ya kofia."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Walipokwisha wote nikaokota kikapu changu niondoke. Bi mkubwa alinizuia kwa kuweka mkono juu ya mwimo wa mlango. Tangu siku ile alikuwa hajasema nami, na baada ya siku hiyo hakusema nami sana. Kofia za nyumba yake hakunirudishia.

"Siku ile nilijua kabla yako," akasema, ili mimi peke yangu nisikie. "Wewe ulisema. Sasa kaa. Leo utaingia kwa ina lako."

Nikakaa pale kitini. Mkono wa kulia ulikuwa na chanda cha pete na cha mwisho bado havijatobolewa. Nikatoa cha pete, nikakipitisha.

"Jina?" akauliza dresa.

Nikalitaja. Langu, na la baba yangu, na la babu yangu. Sikuwa nimewahi kulitaja mahali palipoandikwa kitu.

Kalamu ikasimama. "Huyu twamjua," dresa akasema. "Daktari, huyu tumeshamwandika mara saba. Kundi A."

Mzungu akajibu neno moja fupi.

"Asema tukupime hata hivyo," akasema dresa. Na sindano ikaingia.

Nilingoja nyuma ya pazia mpaka dresa alipomaliza kuandika. Kisha nikamwomba anisomee. Akasoma. Nikamwomba tena. Akasoma tena, polepole, jina langu na la baba na la babu, na sikumsikia akicheka.